Kufundisha Kiingereza kwa hadithi: hadithi moja, vipindi vitatu

Kila mwalimu anayeanza kutumia hadithi kufundisha Kiingereza huuliza yale yale: nichague hadithi ipi, nitafsiri au nisitafsiri, wasiponielewa nifanyeje, na sarufi itaingia saa ngapi? Tutayajibu kwa kupitia hadithi moja fupi, hatua kwa hatua, ambayo unaweza kuingia nayo darasani kesho asubuhi. Inawafaa wanafunzi wanaoanza na wa kati, watoto na watu wazima, ambao wanaelewana kwa Kiswahili.

Shika hili kabla ya yote: hadithi inafundisha kwa kurudiwa. Hadithi moja ikisimuliwa mara nne, kila mara kwa kazi tofauti, inaacha Kiingereza kingi zaidi kichwani kuliko hadithi nne zilizopita mara moja moja. Walimu wengi wanaosema njia hii haifanyi kazi walikuwa wakileta hadithi mpya kila kipindi.

Andaa haya

- Hadithi ya maneno 80 hadi 150, iliyoandikwa neno kwa neno kwenye daftari lako.
- Picha nne za kuchora mwenyewe, kila moja kwenye karatasi yake, kubwa kiasi cha kuonekana na aliyekaa nyuma kabisa. Michoro ya vijiti inatosha.
- Kitu kimoja halisi kinachotajwa kwenye hadithi. Kwa hadithi yetu ni boksi dogo lenye kifuniko, na ndani yake kitu ambacho wanafunzi hawakijui.
- Ubao, au karatasi kubwa ukutani.
- Vipindi vitatu vya dakika 40, visipishane zaidi ya siku mbili au tatu.

Usianze na kitabu cha hadithi. Vitabu vingi vimeandikwa kwa watu ambao tayari wanakijua Kiingereza, kwa hiyo sentensi zake ni ndefu na maneno yake hayarudi. Ukitaka kutumia hadithi unayoipenda, iandike upya kwa sentensi fupi. Hii hapa ya kuanzia:

"One day a girl found a small box. She wanted to open it. She pulled and pulled, but it didn't open.

She went to her brother. 'Can you open it?' she asked. He pulled and pulled, but it didn't open.

She went to her father. 'Can you open it?' she asked. He hit it with a stone, but it didn't open.

She went to her grandmother. 'Can you open it?' she asked. Her grandmother looked at the box. She didn't pull it. She didn't hit it. She pushed it. The box opened."

Ni maneno 92. Hesabu yaliyomo: "open" limetokea mara nane kwa sura zake zote, "didn't" mara tano, "Can you open it?" mara tatu. Mwanafunzi anasikia "didn't" ikifuatwa na kitenzi kitupu mara tano bila kufundishwa kanuni yoyote. Halafu wahusika wanapishana, wa kike na wa kiume, kwa hiyo "he" na "she" zinakuwa na kazi ya kweli. Hadithi utakayoitunga mwenyewe iwe hivyo hivyo: tatizo moja, majaribio matatu yanayofanana, jaribio la mwisho linaleta mabadiliko. Maneno mapya yasizidi saba.

Kipindi cha kwanza: wasikie

1. Jifunze kuisimulia bila kusoma. Fanya hivi nyumbani. Isome kwa sauti mara tano, kisha funga daftari uisimulie kwa kufuata picha zako nne. Jirekodi kwa simu usikilize: je, "pull" na "push" zinasikika tofauti? Ukisoma darasani, macho yako yatakuwa kwenye karatasi, na hutaona ni nani amepotea njiani.

2. Fundisha maneno ya lazima kwa mwili (dakika 7). Chukua vitenzi vya kutenda tu: "open", "pull", "push", "hit", "look". Sema "pull" huku ukivuta, wao wavute nawe. Kisha sema bila kutenda, wao watende. Kisha changanya: "Push! Pull! Look! Push!" Mmarekani James Asher aliijenga njia nzima ya kufundisha lugha juu ya amri na vitendo miaka ya 1960, na kwa vitenzi vya aina hii hakuna njia ya haraka kuliko hiyo. Maneno kama "found" na "wanted" hayaonyesheki vizuri kwa mikono, kwa hiyo yaandike ubaoni na maana yake ya Kiswahili pembeni, yasome mara moja, songa mbele.

3. Simulia mara ya kwanza bila kukatiza (dakika 4). Shika boksi mkononi. Vuta kweli, toa jasho. Onyesha kila picha inapofika. Nenda taratibu kwa kupumzika kati ya sentensi na sentensi. Usipunguze kasi kwa kuyavunja maneno vipande vipande, maana "She… went… to…" si Kiingereza atakachokutana nacho popote.

   Mpe kila mhusika mahali pake pa kusimama. Msichana na bibi wawe kulia kwako, kaka na baba kushoto. Kila usemapo "she", ingia kulia. "He", ingia kushoto. Kiswahili kina "yeye" mmoja kwa wote, na ndiyo sababu mwanafunzi wako anasema "my mother, he is tired" hata baada ya miaka ya masomo. Kuelezwa tofauti ameshaelezwa mara nyingi. Kinachomsaidia ni kuiona ikisogea mbele ya macho yake.

   *Tahadhari: usitafsiri sentensi kwa sentensi.* Ukisema kila kitu mara mbili, masikio yao yatajifunza kusubiri Kiswahili, na Kiingereza kitapita kama kelele ya barabarani. Kiswahili kitumie kwa neno moja lililokwama au kwa maelekezo ya kazi, kisha urudi.

4. Simulia mara ya pili ukiuliza (dakika 12). Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na hapa ndipo wengi wanaharakisha. Maswali yapande ngazi, kuanzia yale yanayojibiwa kwa neno moja. Kwa sentensi ya kwanza peke yake:

   - "Did she find a box?" (Yes.)
   - "Did she find a bag?" (No.)
   - "Did she find a box or a bag?" (A box.)
   - "A big box or a small box?" (A small box.)
   - "What did she find?" (A small box.)
   - "Who found a small box?" (A girl.)

   Darasa zima lijibu pamoja kwanza, kisha mmoja mmoja. Wakijibu neno moja, wewe rudisha sentensi nzima: "Yes, she found a small box." Usiwalazimishe wajibu kwa sentensi kamili, mtu akiulizwa barabarani amepata nini naye hujibu "boksi". Sentensi kamili wataisikia kutoka kwako, mara nyingi, wakati akili yao iko kwenye boksi.

   Maswali sita kwa kila sentensi yatachosha. Chagua sentensi nne zinazobeba hadithi, uulize matatu au manne kwa kila moja. Hayo mengine yaache yapite.

   Ukishauliza, nyamaza uhesabu moja hadi tatu kimoyomoyo. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani aliyechunguza madarasa miaka ya 1970, alikuta walimu kwa kawaida wanasubiri kama sekunde moja tu kabla ya kujijibu wenyewe au kumhamia mwingine. Waliposubiri sekunde tatu, majibu yaliongezeka na kurefuka. Kwa mtu anayetafuta neno la lugha ya pili, sekunde hizo tatu ndizo zinazomvusha.

   *Tahadhari: angalia sarufi ya maswali yako mwenyewe.* "What did she found?" linaponyoka midomoni mwa walimu wengi, na wanafunzi watalibeba kama lilivyo. Andika maswali yako 15 kwenye daftari kabla ya kipindi.

5. Waache waulize kilichomo ndani (dakika 8). Hadithi inaishia boksi likifunguka, na haisemi kuna nini. Shika boksi halisi, litikise karibu na sikio lako, usilifungue. Andika ubaoni: "Is it a …?" Wakabahatishe. Kila swali la Kiingereza linapata jibu: "No, it isn't. Good question." Wakikwama, wape kidokezo kimoja, "It's small. It's blue." Boksi lifunguliwe tu baada ya maswali kumi hivi. Wale waliokuwa kimya tangu mwanzo mara nyingi hufungua mdomo hapa, kwa sababu wanataka kujua kwa dhati.

Dakika zilizobaki ziwe za kupumua, na za wanafunzi wachache kurudia vitendo vya mwanzo.

Kipindi cha pili: waisimulie wao

6. Simulia mara ya tatu kwa makosa (dakika 6). Waambie utakosea makusudi, wakusimamishe. "One day a *boy* found a small box." "No! A girl!" "Ah, a girl. One day a girl found a *big* box…" Kosea mambo ya hadithi tu, yaani nani, nini, wapi. Usikosee sarufi makusudi, kwa sababu aliyezubaa ataondoka na kosa.

7. Wape matini waisome (dakika 8). Sasa ndiyo wakati wa kuona maandishi, baada ya sauti kukaa masikioni. Ukitanguliza maandishi wanafunzi watasoma herufi kama za Kiswahili, na "asked" itakuwa "a-si-ke-di". Iandike ubaoni kabla hawajaingia, au wagawie nakala. Soma wewe, wao wafuate kwa kidole, kisha wasome pamoja nawe.

   Tenga dakika tatu kwa vitenzi vinavyoisha na "-ed", maana hadithi hii inazo sauti zake zote tatu. "Pulled" na "opened" zinaisha kwa d. "Asked", "looked" na "pushed" zinaisha kwa t. "Wanted" pekee ndiyo inayoongeza silabi, "wontid", kwa sababu "want" tayari inaishia na t. Maneno ya Kiswahili huisha na irabu, kwa hiyo ulimi wa mwanafunzi unatafuta irabu ya kutua. Mpe: unganisha kitenzi na neno linalofuata. "Pushed it" iwe "push-tit". "Pulled it" iwe "pul-dit". Irabu ya "it" inamsaidia konsonanti kutoka, na matamshi yanakuwa bora zaidi kuliko akikazana na neno likiwa peke yake.

8. Simulia kwa picha, wawili wawili (dakika 15). Futa ubao. Bandika picha nne. Chini ya kila picha andika maneno mawili tu: "found / wanted", "brother / pulled", "father / hit", "grandmother / pushed". Mmoja anasimulia picha mbili za kwanza, mwenzake mbili za mwisho, kisha wanabadilishana. Baada ya hapo futa maneno, zibaki picha, waanze tena na jirani mwingine.

   Wewe zunguka, sikiliza, usikatize. Beba karatasi uandike makosa matatu uliyoyasikia mara nyingi zaidi. Mwanafunzi akikwambia "It didn't opened", mjibu kama msikilizaji: "Oh, it didn't open! And then?" Amesikia sura sahihi, na hadithi yake haijakatika.

9. Sahihisha makosa matatu, basi (dakika 6). Moja litakuwa "didn't opened", karibu kwa hakika. Lieleze kwa mifano ya kwao: "alifungua", "hakufungua". Kiswahili kinaonyesha wakati mara moja tu ndani ya kitenzi. Kiingereza nacho kinauonyesha mara moja: "did" ikishaubeba wakati, "open" inabaki tupu. Rudi kwenye hadithi, wazitafute "didn't" zote tano, wapige mstari chini ya kitenzi kinachofuata. Hiyo ndiyo sarufi ya siku hiyo.

Kipindi cha tatu: waibadilishe

10. Badilisha pamoja ubaoni (dakika 10). Andika fremu hii, uache mapengo: "One day a … found a … . She wanted to … it. She went to … . 'Can you … it?' she asked." Darasa lipendekeze: mlango usiofunguka, simu isiyowaka, mtoto asiyenyamaza. Kubali la ajabu kuliko yote ilimradi sentensi isimame. Hapa watakuomba maneno mapya, wape, kwa sababu neno ambalo mtu ameliomba mwenyewe hukaa.

11. Waandike ya kwao (dakika 18). Vikundi vya watatu, sentensi nane hadi kumi. Wanaojiweza zaidi waisimulie kama bibi: "A girl came to me. 'Can you open it?' she asked. I didn't pull it." Kubadilisha msimulizi kunamlazimisha mtu afikirie kila kitenzi upya, na ni dawa nzuri kwa aliyekariri.

12. Wasomeane. Kundi moja lisimulie, mengine yaulize swali moja moja. Usitoe alama za sarufi kwenye usimulizi huu.

Panapokwama

*Wanakutazama tu, hawajibu.* Maneno mapya yamezidi, au umerukia "what" na "why" mapema. Rudi kwenye maswali ya "yes" na "no". Wakiwa bado kimya, waombe waonyeshe picha kwa kidole. Kuelewa bila kusema ni hatua halali, na wengine hukaa hapo kwa wiki kadhaa.

*Wanajibu kwa Kiswahili.* Basi wameelewa, na hilo ni la kufurahia. Pokea jibu, liseme kwa Kiingereza, endelea. Ukiwakaripia utapata ukimya.

*Wanaikumbuka hadithi yote ila hawawezi kusema sentensi.* Wamesikiliza tu, hawajasimulia. Rudi hatua ya 8 na maneno chini ya picha, usiyafute haraka.

*Wameikariri neno kwa neno.* Pangua picha, waanzie ya tatu. Au mpe kaka aisimulie.

*"Hii tumeshaisikia!"* Wana haki, kama umeirudia bila kubadilisha kazi. Kila usimulizi uwe na jambo jipya la kufanya: mara ya kwanza watazame, ya pili wajibu, ya tatu wakukosoe, ya nne waseme wao.

*Darasa lina watu 60.* Maswali ya "or" yajibiwe kwa kuinua mkono wa kushoto au wa kulia, utaona kwa jicho moja nani yuko nawe. Usimulizi wa wawili wawili unafaa darasa kubwa kuliko kazi nyingine yoyote, kwa kuwa nusu ya darasa inazungumza kwa wakati mmoja. Kelele zitakuwepo. Pangeni ishara moja ya kunyamaza kabla ya kuanza.

*Watu wazima wanaona ni ya kitoto.* Acha muundo, badilisha mambo. "A man lost his phone. He called his wife. 'Do you have my phone?' he asked." Majaribio matatu yale yale, na mwisho simu ilikuwa mkononi mwake, kwa kuwa ndiyo aliyokuwa akipigia. Nao usiwafanyishe vitendo vya mwili vyote, mikono inatosha.

*Wachache wanajibu kila kitu.* Wape kazi. Mmoja ashike picha, mwingine aigize baba, wa tatu ahesabu mara ambazo "open" imetajwa. Maswali ya neno moja yapeleke kwa waliokaa nyuma kwa macho yako kabla ya kuuliza.

*Kiingereza chako mwenyewe hakikutoshi.* Kinatosha kwa maneno 92. Hadithi iliyoandikwa, maswali 15 yaliyoandikwa, mazoezi matano nyumbani. Mwombe mtu anayekijua vizuri akupitie mara moja kabla ya kipindi cha kwanza, hasa kwenye maswali. Usijaribu kubuni hadithi papo hapo mbele ya wanafunzi mpaka uwe umefundisha kumi za kuandika.

Baada ya kipindi cha tatu weka hadithi kando kwa wiki mbili, kisha siku moja ingia darasani na boksi mkononi bila kusema lolote. Sikiliza wanachosema wao kwa wao kabla hujaliweka mezani. Vitenzi utakavyovisikia ndivyo walivyobaki navyo, na ambavyo hukuvisikia vitie kwenye hadithi inayofuata.